MS haionekani kwa macho. Je, miwani ya VR inaweza kutuonesha?

Kuna maradhi ambayo ukimtazama mwenye nayo huoni kitu. Hana bandeji, hana kidonda, wala hakukonda. Jana alikuwa harusini, kavaa vizuri, kapiga picha na wenzake. Leo unamwomba asimame akusaidie kupakua wali, anakwambia hawezi, miguu haimbebi. Kesho kutwa unamkuta dukani anatembea. Kama wewe ni mama mkwe, wifi au jirani, utasema nini? Wengi tunasema neno moja tu: uvivu. Na ndugu zetu wa nyumbani, wanaopigiwa simu na kuelezwa nusu nusu, wanasema huyo karogwa.

Maradhi ninayoyazungumzia ni multipo sklerosisi, ambayo madaktari na wagonjwa wenyewe huyaita kwa herufi mbili, MS. Ukienda hospitali huku Ghuba utasikia kwa Kiarabu *tasallub lawihi*. Wifi yangu, mke wa kaka yangu, anayo kwa miaka sita sasa. Ameniruhusu kuandika kwa masharti mawili: nisimtaje jina, na nisimfanye mtu wa kuliliwa.

Swali ninalotaka tulitazame leo ni hili. Ile miwani mikubwa ya VR, yaani ya uhalisia pepe, ambayo vijana wetu huvaa wakacheza michezo, inaweza kumfundisha mtu mzima maradhi asiyoyaona? Nimesoma, na nyumbani kwetu Muscat tumejaribu. Jibu langu ni ndiyo, lakini nusu. Nusu ya pili inabidi tuifanye wenyewe, na nitaeleza kwa nini.

Kinachotokea mwilini

Chukua waya wa umeme. Ndani kuna shaba, nje kuna plastiki. Plastiki ikichubuka, taa inawaka na kuzimika, au haiwaki kabisa. Mishipa yetu ya fahamu nayo imevishwa utando wa mafuta unaoitwa mayelini. Utando huo ndio unaofanya amri itoke kwenye ubongo na kufika mguuni kwa haraka. Kwa mwenye MS, kinga ya mwili, ambayo kazi yake ni kupigana na vijidudu, inageuka na kuushambulia utando huo kwenye ubongo, kwenye uti wa mgongo na kwenye mshipa wa jicho. Panaposhambuliwa hubaki kovu. Daktari wa Kifaransa Jean-Martin Charcot aliyaeleza makovu hayo mjini Paris mwaka 1868, na jina la maradhi limetokana nayo: makovu magumu mahali pengi.

Kwa kuwa kovu linaweza kutokea mahali popote, wagonjwa wawili hawafanani. Mmoja ataanza kwa jicho kuingia ukungu na rangi nyekundu kupauka. Mwingine mguu utaingia ganzi. Mwingine atapata kizunguzungu, mkojo utambana ghafla, au atasahau neno alilotaka kulisema. Na wengi mno watakutajia uchovu, si huu wetu wa kutoka kazini, bali uchovu unaomkuta mtu asubuhi, kaamka tu, hajafanya kitu.

Kisha kuna hili linalozichanganya familia. Wagonjwa kama 85 katika kila 100 huanza na aina ya MS inayokuja na kuondoka. Shambulio linakaa siku au wiki kadhaa, nafuu inarudi, halafu pengine ni miezi au miaka ya utulivu kabla ya shambulio jingine. Ndiyo maana leo mzima, kesho mgonjwa. Haigizi. Maradhi yenyewe ndivyo yalivyo.

Si maradhi ya watu wachache. Shirikisho la kimataifa la vyama vya MS lilikadiria mwaka 2020 kwamba watu milioni 2.8 duniani wanaishi nayo. Wanawake ni angalau mara mbili ya wanaume, na wengi hugunduliwa kati ya miaka 20 na 40, yaani wakati wa kuolewa, kuzaa na kushika kazi. Kuwait, yenye daftari la kitaifa la wagonjwa hawa, ilihesabu mwaka 2013 kiasi cha wagonjwa 85 kwa kila watu 100,000. Falme za Kiarabu nazo zilianzisha jumuiya ya kitaifa ya MS mwaka 2022.

Na tusidanganyane kwamba haya ni ya Wazungu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2013 kuhusu wagonjwa wa kusini mwa California ulikuta kwamba wanawake weusi walipata MS zaidi kuliko wanawake weupe. Kule kwetu Afrika Mashariki tunasikia kwamba ni maradhi adimu, lakini pasipo na mashine za MRI za kutosha wala madaktari bingwa wa mishipa ya fahamu, wengi hawawezi kugunduliwa, na wasiogunduliwa hawahesabiwi.

MS haiambukizi. Huwezi kuipata kwa kula sahani moja wala kulala kitanda kimoja na mgonjwa. Chanzo chake ni mchanganyiko wa mambo: maumbile ya kurithi, upungufu wa vitamini D, uvutaji wa sigara, na kirusi cha Epstein-Barr. Mwaka 2022 watafiti wa chuo kikuu cha Harvard, waliopitia kumbukumbu za askari wa Marekani zaidi ya milioni 10, walionesha kwamba hatari ya MS hupanda mara 32 baada ya mtu kuambukizwa kirusi hicho. Lakini karibu kila mtu mzima duniani anacho, na wengi mno hawapati MS kamwe. Kwa hiyo si sababu ya kumkimbia mtu.

Miwani inafanya nini

Uhalisia pepe si kitu kipya sana. Mwaka 1968 Mmarekani Ivan Sutherland alitengeneza kifaa cha kuvaa kichwani kilichokuwa kizito hata kikabidi kining'inizwe kwenye dari. Leo kinakaa mkononi mwa mtoto wa skuli. Kazi yake ni kuudanganya ubongo. Kila jicho linapewa picha yake, vihisio vinafuata kila unapogeuza kichwa, na ubongo unakubali kwamba upo mahali ambapo haupo.

Sasa kama unaweza kumpeleka mtu juu ya mlima bila kuondoka sebuleni, kwa nini usimpeleke ndani ya macho ya mgonjwa? Wapo waliofanya hivyo. Mwaka 2016 shirika la Alzheimer's Research UK la Uingereza lilitoa programu ya simu inayomfanya mtu aone jinsi mwenye maradhi ya kusahau anavyohangaika dukani, njiani na jikoni akitengeneza chai. Mwaka huohuo ulitoka uhalisia pepe uliotengenezwa kutokana na kanda za sauti za mwandishi John Hull, aliyepoteza macho yake akawa anarekodi alivyohisi.

Kwa upande wa MS, Waaustralia walitumia njia tofauti. Mwaka 2016 walitengeneza baiskeli iliyoharibiwa makusudi: fremu haina uwiano, gia hazitabiriki, mikono inakufa ganzi kwenye usukani. Aliyesaidia kuibuni ni Carol Cooke, bingwa wa Paralimpiki wa mbio za baiskeli aliyegunduliwa MS mwaka 1998. Mzima akiipanda anafahamu kidogo mwenzake anaendeshaje mwili wake.

Programu za VR za kueleza MS hufuata mawazo hayohayo. Picha inatiwa ukungu katikati ya jicho. Kitu kimoja kinaonekana viwili. Mkono unaouona mbele yako unachelewa kufuata mkono wako wa kweli, kwa hiyo unashindwa kushika kikombe. Sauti za televisheni, watoto na mtu anayekuita zinaingia kwa pamoja mpaka hujui umeulizwa nini.

Tulipojaribu nyumbani

Mpwa wangu anasoma chuo hapa Muscat, na miwani ni yake. Alitafuta programu ya bure ya kueleza dalili za MS, akaileta Ijumaa moja baada ya chakula cha mchana. Wifi aliitazama yeye kwanza kwenye simu, akasema inafaa, ila hatoivaa, kwa sababu picha zinazocheza humletea kizunguzungu.

Wa kwanza kuvaa akawa mama yangu. Ana miaka 71, kazaliwa Unguja, kaja Oman na marehemu baba miaka ya sabini. Ni mtu wa kazi. Nyumba ya mama hakuna anayekaa wakati wageni hawajala. Na kwa miaka hii sita, mkwe wake alipokuwa akienda kujilaza katikati ya shughuli, mama hakuwa akisema kitu, lakini kimya chake tulikuwa tukikisikia sote.

Tulimkalisha kwenye kiti chenye mikono. Kazi aliyopewa mle ndani ilikuwa nyepesi: kumimina chai. Kikombe kikawa viwili. Akanyoosha mkono, mkono ukafika nyuma ya wakati. Watoto wakacheka, maana chai yote aliimwaga kwenye meza ambayo haipo. Baada ya dakika kama nne alivua miwani, kajishika paji la uso, akamgeukia wifi.

"Mwanangu, hivi ndo unavyoona kila siku?"

"Hapana mama," wifi akajibu. "Siku nyingi naona vizuri tu kama wewe. Hiyo ya macho ilinishika wiki tatu, mwaka juzi. Lakini kila asubuhi nikiamka sijui leo itakuwa siku gani."

Mama akanyamaza kidogo. "Na huo uchovu wako, humu uko wapi?"

"Humu haumo."

"Basi nieleze."

Wakakaa wanazungumza mpaka alasiri. Mama aliuliza mambo ambayo sijawahi kumsikia akiyauliza: ganzi inaanzia wapi, sindano zinauma, ukiwa na mimba itakuwaje, kwa nini ukitoka kuoga maji ya moto unakaa kitandani. Miwani ilifanya kazi dakika nne. Mazungumzo yalikwenda zaidi ya saa nzima.

Nisikutie chumvi. Shangazi yangu naye alivaa, akacheka, akasema ni mchezo wa watoto, na hadi leo msimamo wake ni uleule. Mimi mwenyewe nilipovaa nilipata kichefuchefu, na hicho si dalili ya MS. Ni macho kuuambia ubongo kwamba unatembea huku masikio ya ndani yakisema umekaa. Wengi hupatwa nacho, na ni vizuri kujua ili usije ukadhani kwamba kichefuchefu chako ndiyo maradhi ya mwenzako.

Ila Ijumaa iliyofuata nilikuta kiti kirefu jikoni kwa mama, karibu na sinki. Hakusema kimetoka wapi wala ni cha nani. Wifi akakikalia, akakata kachumbari.

Pale miwani inapodanganya

Mwaka 2015 mtengeneza filamu Chris Milk aliisifu VR jukwaani kwamba ndiyo mashine kubwa kuliko zote ya kumfanya mtu ahisi ya mwenziwe. Maneno hayo yamerudiwa sana. Lakini wapo watafiti waliopima, na walichokikuta kinatutaka tuwe waangalifu.

Arielle Silverman ni mtafiti wa Marekani ambaye mwenyewe haoni. Yeye na wenzake waliwafunga watu macho kwa kitambaa, wakawapa kazi ndogo ndogo. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2015 yalionesha kwamba waliofungwa macho walitoka wakidhani wasioona hawana uwezo mkubwa wa kufanya kazi na kujitegemea. Utafiti mwingine wa Marekani, wa mwaka 2017, uliwapa wanafunzi mazoezi ya kuigiza ulemavu wa aina mbalimbali. Huruma iliongezeka kweli, lakini pia walitoka wakijihisi wanyonge na wenye wasiwasi, na hamu yao ya kuchanganyika na wenye ulemavu haikuongezeka.

Kwa nini? Kwa sababu anayefungwa kitambaa leo anaonja siku ya kwanza ya upofu, siku mbaya kuliko zote. Haonji miaka kumi ya kujifunza kuishi nao. Miwani ya MS ina kasoro hiyohiyo. Mama alimwaga chai kwa sababu ndiyo mara yake ya kwanza. Wifi hamwagi. Ana kikombe chenye kifuniko, chai anamimina akiwa amekaa, kazi nzito anazimaliza kabla ya saa nne asubuhi, na kila kitu cha kukumbuka kimo kwenye simu. Anasomesha hisabati, anaendesha gari, analea watoto wawili. Ukimvisha mtu miwani ukamwachia hapo, atatoka akisema maskini, huyu hawezi kitu. Basi tutakuwa tumetoka kwenye "mvivu" tukaingia kwenye "hajiwezi", na lote ni kumkosea.

La pili, miwani inaonesha yanayoonekana na yanayosikika. Ganzi haimo, maumivu hayamo, mkojo unaobana njiani haumo. Na zaidi ya yote, muda haumo. Wewe unajua kwamba ukivua yamekwisha. Mwenzako hajui.

Napenda zaidi jinsi National MS Society ya Marekani ilivyoigeuza miwani hii upande wa pili mwaka 2016. Badala ya kumwonesha mzima ugonjwa, walimrudishia mgonjwa alichokipoteza. Mmoja alikuwa mtelezaji wa mawimbi, mwingine mcheza dansi. Watu wengine wenye ujuzi huo walirekodi kwa kamera, na wale wawili wakavaa miwani wakajiona tena baharini na jukwaani. Ukiwatazama unaona ni watu wenye mapenzi yao na kazi zao, na maradhi yamewakuta njiani.

Joto la huku kwetu

Kuna jambo moja la MS ambalo sisi wa Ghuba tunaweza kulifahamu bila miwani yoyote, nalo ni joto. Mwaka 1890 daktari wa macho wa Ujerumani, Wilhelm Uhthoff, aliandika kwamba wagonjwa wake walikuwa wakipoteza uoni kwa muda baada ya mazoezi. Baadaye ikajulikana kwamba sababu ni mwili kupata moto. Mshipa uliochubuka hupitisha ujumbe kwa shida, na joto la mwili likipanda hata nusu digrii, ujumbe unakwama. Kabla ya MRI kuwapo, madaktari walikuwa wakimtia mtu kwenye maji ya moto ili kumpima kama ana MS.

Sasa fikiria hapa. Mwezi Juni 2018 huko Quriyat, Oman, joto halikushuka chini ya nyuzi 42.6 kwa saa 24 nzima, usiku na mchana. Kutembea kutoka kwenye gari hadi mlango wa duka, kwa mwenye MS, kunaweza kukatosha kumtia ukungu wa macho na kumlegeza miguu. Akipoa, hurudi katika hali yake, na madaktari wanasema joto hilo peke yake halileti kovu jipya. Lakini dalili mpya ikikaa zaidi ya saa 24 na hana homa, hilo huenda ni shambulio, na inafaa ampigie daktari wake siku hiyohiyo.

Kwa hiyo AC si anasa ya mtu huyu, wala si kudeka. Kitambaa chenye maji baridi shingoni, chupa ya maji ya barafu kwenye gari, fulana ya kupoza mwili, shughuli kuwekwa asubuhi au usiku: hivi vinamsaidia kuliko kumsikitikia. Tukipanga harusi ya Julai kwenye hema, tumuulize kwanza. Ramadhani ikikaribia, suala la kufunga aliamue na daktari wake anayejua dawa zake na hali yake, si sisi jamaa wa mezani tunaomhesabia siku.

Na tukienda likizo nyumbani tujipange. Baadhi ya dawa za MS zinahitaji friji, na kovu la MS halisubiri umeme urudi. Habari njema ni kwamba dawa zipo. Ya kwanza ya kuzuia mashambulio ilikubaliwa Marekani mwaka 1993, na leo zimezidi kumi na tano. Hakuna inayoponya kabisa, ila zinapunguza mashambulio na kuchelewesha ulemavu, hasa zikianzwa mapema. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani liliingiza dawa tatu za MS kwenye orodha yake ya dawa muhimu: kladribini, glatirama na rituksimabu. Orodha hiyo ndiyo inayotazamwa na nchi nyingi zinapopanga dawa za kununua, zikiwemo zetu. Ndiyo maana ndugu aliyeko Mombasa au Pemba, aliyepotelewa na jicho ghafla au aliyeingia ganzi isiyoondoka, asipelekwe kwa mganga miezi sita kwanza. Kila mwezi unaopita bila dawa unaweza kuacha kovu lisilofutika.

Ukitaka kujaribu nyumbani

Kama una kijana mwenye miwani hii, si vibaya mjaribu. Sisi tuliyojifunza ni haya.

Mwenye maradhi aamue kwanza. Aitazame programu yeye, aseme inafanana na hali yake au haifanani, na akisema hataki iwe basi. Asilazimishwe kuivaa, kwa sababu inaweza kumletea kizunguzungu.

Anayevaa akae kwenye kiti imara, asisimame, hasa wazee. Dakika tano zinatosha. Akihisi kichefuchefu avue. Watoto wadogo wasipewe. Soma umri ulioandikwa na mtengenezaji.

Baada ya kuvua, usiondoke. Hapo ndipo somo linapoanza. Mwenye maradhi aeleze nini mle ndani ni kweli kwake, nini si kweli, na nini kimeachwa. Aeleze pia anavyofanya ili aweze, yaani kikombe chake, ratiba yake, kiti chake. Bila sehemu hii, nadhani bora msianze.

Na kama miwani huna, usiinunue kwa ajili hii tu. Vaa glavu nene mbili, jaribu kufunga vifungo vya shati. Funga mfuko wa mchele wa kilo mbili kila mguu, upande ngazi. Kisha kaa na mwenzako akuambie yaliyobaki.

Tarehe 30 Mei kila mwaka ni Siku ya MS Duniani, na huku Ghuba utaona majengo yanawashwa taa na hospitali zinatoa mihadhara. Ni nafasi nzuri ya kwenda na mama, shangazi, au yule jamaa ambaye kila siku anauliza mbona huyu haonekani mgonjwa.

Nilimuuliza wifi, kati ya yote haya, angependa watu wa nyumbani wafanye nini. Akasema hana makubwa. Anataka asubuhi aulizwe "leo vipi?", ajibu ukweli, na jibu lake lisibishwe. Na akiwa kakaa wakati wengine wamesimama, mtu amuulize tu, "nikusaidie au nikuache?"